Tamthilia, Mapenzi ya Jinsia Moja na Ubishi wa Watazamaji: Maswali Manne Tunayoyachanganya



Kuna ubishi ambao siku hizi haukosekani penye televisheni. Tamthilia imefika patamu, watu wametulia, mara wahusika wawili wa kiume au wawili wa kike wanaanza kutazamana kwa namna ambayo kila aliye sebuleni anaielewa. Mmoja anasema, "Badilisha stesheni." Wa pili anajibu, "Ni maigizo tu. Mbona akitokea muuaji hatubadilishi?" Wa tatu anasema, "Hawa watu wameamua kutuharibia watoto." Wa nne hasemi kitu. Baada ya dakika kumi kelele ni nyingi na hakuna aliyemsikia mwenzake.

Nimeusikia ubishi huo nyumbani Bagara wakati wa likizo, na nimeusikia seminarini, ambako mafrateri hawapungukiwi maneno. Kadiri ninavyousikiliza ndivyo ninavyoona kwamba wabishi wetu hawapingani sana kama wanavyodhani. Kila mmoja anajibu swali lake. Huyu anazungumzia sanaa, yule malezi, mwingine sheria, na mwingine yuko kimya kwa sababu anayezungumziwa ni mtu, na pengine mtu huyo anamjua.

Fundisho la Kanisa juu ya tendo lenyewe linafahamika: tendo la ndoa mahali pake ni katika ndoa ya mwanamume na mwanamke, na mahusiano ya kimwili ya watu wa jinsia moja hayakubaliki. Sikusudii kulijadili fundisho hilo upya. Lakini Mkristo anaweza kulishika kwa moyo wote na bado asijue afanye nini, rimoti ikiwa mkononi na watoto wamekaa mkekani. Makala haya yanamlenga Mkristo huyo. Yanajaribu kufanya kazi ambayo falsafa hutufundisha mapema kabisa: kutenganisha maswali kabla ya kuyajibu.

Picha zinavyotufikia

Bagara si Nairobi wala Dar es Salaam. Ni kata ya mji wa Babati, makao makuu ya mkoa wa Manyara, kando ya barabara kuu inayotoka Arusha. Wairaqw, Wagorowa, Warangi, Wambugwe na wengine wengi wanaishi ukuta kwa ukuta. Wakatoliki, Walutheri na Waislamu wanachota maji bomba moja na kutazama tamthilia zilezile.

Zamani kidogo picha zilikuwa na mlango mmoja, nao ulikuwa na bawabu. Kwenye kibanda umiza filamu ya kigeni ilipita kwanza mdomoni mwa mtafsiri. Watafsiri mashuhuri wa Tanzania, kama Lufufu na DJ Mark, hawakuwa wakifuata maneno ya filamu moja baada ya jingine. Walisimulia, waliongeza maelezo, waliwatania wahusika, walimpa shujaa wa Kihindi au wa Kichina lugha ya mtaani kwetu. Mtazamaji alipata filamu pamoja na maoni juu ya filamu. Kama jambo lilikuwa geni, kulikuwa na sauti ya mtu mzima ikilieleza.

Leo milango ni mingi. Kuna king'amuzi chenye tamthilia za Kituruki na za Kihindi zilizotiwa sauti za Kiswahili. Kuna laibrari za muvi, ambako kijana anajaziwa sizoni nzima kwenye flashi na kwenda nayo nyumbani. Na kuna simu yenye bando, ambayo mtoto wa miaka kumi na minne anaitazama chini ya shuka. Bawabu hayupo. Ndiyo maana ubishi wetu umekuwa mkali: zamani tulibishana juu ya kitu tulichokiona pamoja, sasa tunabishana kwa hofu ya vitu ambavyo watoto wetu wanaviona peke yao.

Kisa cha filamu ya Rafiki

Ili tusielee hewani, tuchukue kisa kimoja cha jirani zetu Kenya. Mwaka 2018 mwongozaji Wanuri Kahiu alitoa filamu iitwayo *Rafiki*. Chanzo chake ni hadithi fupi "Jambula Tree" ya mwandishi wa Uganda Monica Arac de Nyeko, iliyoshinda Tuzo ya Caine mwaka 2007. Inahusu wasichana wawili wa Nairobi, Kena na Ziki, ambao baba zao wanashindana katika uchaguzi wa mtaa. Wasichana hao wanapendana. Watu wa mtaani wanagundua, kundi linawavamia na kuwapiga, na wazazi wanawatenganisha.

Kahiu ameeleza kwa nini aliita filamu hiyo *Rafiki*: watu wenye mahusiano ya namna hiyo katika jamii zetu hawawezi kuwatambulisha wapenzi wao kama wapenzi, kwa hiyo husema tu, huyu ni rafiki yangu. Sisi wasemaji wa Kiswahili tunaelewa jinsi neno linavyoweza kubeba mzigo usioonekana. Neno "shoga" lilikuwa kwa wanawake wa pwani, na kwa wengi bado liko, jina la upendo kwa mwanamke mwenzake wa karibu. Huku bara limekuwa tusi.

Aprili 2018 Bodi ya Uainishaji wa Filamu ya Kenya, ikiongozwa wakati huo na Ezekiel Mutua, iliipiga marufuku ikisema inakusudia kuhamasisha mapenzi ya jinsia moja kinyume cha sheria. Mwezi uliofuata ikaonyeshwa Cannes, Ufaransa, ikiwa filamu ya kwanza ya Kenya kuchaguliwa katika tamasha lile. Mwongozaji akaenda mahakamani. Tarehe 21 Septemba 2018 Jaji Wilfrida Okwany wa Mahakama Kuu alisimamisha marufuku kwa siku saba, kwa watu wazima tu, na watu wa Nairobi wakajaza kumbi. Aprili 2020 Mahakama Kuu, safari hii kwa hukumu ya jaji mwingine, ikakubaliana na Bodi. Kabla ya hukumu hiyo, mwaka 2019, Samantha Mugatsia aliyeigiza kama Kena alikuwa amekwisha kupata tuzo ya mwigizaji bora wa kike katika tamasha la FESPACO, Burkina Faso.

Rafiki haikuwa peke yake. Mwaka 2014 Kenya ilizuia *Stories of Our Lives*, na Septemba 2021 ikazuia *I Am Samuel*. Afrika Kusini, tamthilia maarufu ya *Generations* ilipowaleta wahusika Senzo na Jason kama wapenzi, baadhi ya watazamaji walitaka isusiwe. Mwaka 2018 filamu ya Kixhosa *Inxeba* ilipandishwa daraja hadi ikawa haiwezi kuonyeshwa katika kumbi za kawaida, na baadaye mahakama ikalitengua daraja hilo.

Sasa tuyatenganishe maswali.

Swali la kwanza: Je, kuonyesha ni kusifu?

Anayesema "badilisha stesheni" na anayesema "ni maigizo tu" wanarithi ubishi wa zaidi ya miaka elfu mbili. Plato, katika kitabu chake *Jamhuri*, aliwaogopa washairi na waigizaji. Hoja yake ni kwamba maigizo hayapiti kwenye akili kwanza. Yanakwenda moja kwa moja kwenye hisia na kuzinywesha maji, wakati zilipaswa kukauka. Ukizoea kulia na kucheka na mhusika, taratibu unaanza kuona mambo kwa macho yake. Hata hivyo Plato hakufunga mlango kabisa. Alisema kama wapenzi wa ushairi wanaweza kuthibitisha kwamba una faida pamoja na utamu, yuko tayari kuwasikiliza.

Mwanafunzi wake Aristotle aliitikia. Kwake kuiga ni asili ya mwanadamu tangu utoto, na ni njia yetu ya kwanza ya kujifunza. Twaweza kuitazama kwa makini picha ya kitu ambacho tukikiona chenyewe tungegeuza uso, kwa sababu kupitia picha tunaelewa. Mchezo mzuri wa huzuni humwonyesha mtu wa kawaida, si malaika wala shetani, akianguka kwa kosa lake, nasi tunamwonea huruma na kujiogopea wenyewe.

Mtakatifu Agostino anatuongezea jambo ambalo wote wawili hawakulitilia mkazo. Katika *Maungamo* anakumbuka jinsi alivyopenda michezo ya kuigiza kule Karthago, akilia kwa ajili ya wapenzi wa jukwaani. Baadaye anajiuliza hiyo ni huruma ya namna gani, maana mtazamaji haalikwi kumsaidia anayeteseka, anaalikwa tu kuhuzunika. Tutalirudia swali hilo.

Maandiko Matakatifu yenyewe yanasimulia dhambi bila kuficha: Daudi na mke wa Uria, Amnoni na Tamari, watu wa Sodoma mlangoni kwa Loti. Hakuna anayesema Kitabu cha Pili cha Samweli kinahamasisha uzinzi. Na Mtaguso wa Pili wa Vatikano, katika hati *Inter Mirifica* ya tarehe 4 Desemba 1963, unakubali kwamba kuonyesha uovu katika vyombo vya mawasiliano kunaweza kutusaidia kumfahamu mwanadamu kwa undani na kuung'arisha wema, mradi kufanywe kwa kuheshimu maadili, na kwa kiasi, hasa panapohusu mambo yanayoamsha tamaa.

Kwa hiyo jibu la swali la kwanza ni hili: kuonyesha si lazima kuwe kusifu, ila kunaweza kuwa hivyo. Tutajuaje? Wahenga walisema ukiona vyaelea, vimeundwa. Kila tukio kwenye tamthilia limeundwa na mtu aliyechagua. Tazama muziki unaingia wapi. Tazama kamera inakaa kwa nani. Tazama nani amepewa maneno ya busara na nani amefanywa mjinga. Tazama hadithi inaishia wapi. Mtu asiyeuliza hayo hajaichambua tamthilia. Ameitikia mada tu.

Kisa cha Rafiki kinatufundisha hapa. Kwa maelezo ya Kahiu, Bodi ilimtaka abadilishe mwisho kwa sababu ulikuwa na matumaini mno, hauonyeshi majuto ya kutosha. Kama ndivyo, Bodi nayo ilikubali kimyakimya kwamba kuonyesha peke yake si kosa, bali kosa liko katika hukumu ambayo hadithi inaitoa mwishoni. Hiyo ni hoja ya maana. Lakini ina shimo lake. Mwisho wa adhabu haufanyi hadithi iwe ya kimaadili. Katika Rafiki adhabu ipo: wasichana wawili wanapigwa na kundi la watu wenye hasira. Mtazamaji Mkristo anayekataa uhusiano wao bado ana swali la kujibu katika tukio hilo, kwamba ni nani anayetenda uovu pale? Asipoliona kundi lile kama watenda dhambi, basi tatizo halipo kwenye filamu tena.

Swali la pili: Nani anatazama?

Anayesema "wanatuharibia watoto" hazungumzii sanaa hata kidogo. Anazungumzia malezi, na haki yake ni kusikilizwa kwa swali hilo.

Plato huyohuyo, katika sehemu ya awali ya *Jamhuri*, anatoa sababu rahisi: mtoto hajui kutofautisha hadithi yenye maana iliyofichika na hadithi ya kawaida, na anachokipokea katika umri ule hakifutiki kwa urahisi. Kiswahili kinasema samaki mkunje angali mbichi. Mtu mzima anaweza kutazama na kupima. Mtoto anatazama na kumeza.

Ndiyo maana mijadala inayohusu watoto huwaka haraka kuliko mingine. Juni 2017 Bodi ya Kenya ilitaja katuni sita, zikiwemo *The Loud House*, *The Legend of Korra* na *Steven Universe*, ikitaka zisionyeshwe. Mwaka 2022 katuni ya *Lightyear* ilizuiwa Falme za Kiarabu na nchi nyingine kadhaa kwa sababu ya busu fupi la wanawake wawili. Hapa kwetu, Februari 2023, Waziri wa Elimu Profesa Adolf Mkenda alitangaza kuondolewa shuleni kwa vitabu kadhaa, vikiwemo vya mfululizo wa *Diary of a Wimpy Kid*, kwa maelezo kwamba vinakiuka mila na maadili. Watanzania wengi waliunga mkono. Wengine waliuliza kama vitabu vile vilisomwa vyote kwanza.

Tuna pia chombo chetu cha kisheria. Sheria ya Filamu na Michezo ya Kuigiza Namba 4 ya mwaka 1976 ndiyo msingi wa kazi ya Bodi ya Filamu Tanzania ya kukagua filamu na kuzipanga katika madaraja ya umri. Madaraja hayo yana busara, kwa sababu yanatambua kwamba picha moja haifanyi kazi moja kwa watu wote.

Lakini tuwe wakweli. Bodi haiingii sebuleni, wala haikagui flashi. *Inter Mirifica* inaipa serikali wajibu wa kuwalinda vijana, na inawapa wazazi wajibu wa kuangalia kinachoingia nyumbani mwao. Mama mmoja wa jumuiya yetu aliniuliza, "Sasa Frateri, tuzime?" Nilimjibu kwamba kuna wakati wa kuzima, na mtoto mdogo akiwa mkekani huo ni mmojawapo, haijalishi mapenzi yanayoonyeshwa ni ya nani na nani. Maana jambo hili nalo tulipime vizuri: tamthilia zetu pendwa zimejaa nyumba ndogo, ulaghai wa kimapenzi, wajawazito waliotelekezwa, na familia nzima inatazama pamoja bila mtu kutafuta rimoti. Mtoto anayekua akiona wazazi wanazima kwa dhambi moja na kucheka kwa nyingine hajifunzi usafi wa moyo. Anajifunza kwamba kuna dhambi za kwetu na dhambi za wenzetu.

Kwa kijana wa miaka kumi na sita kuzima hakutoshi, kwa sababu ataiwasha mahali pengine. Huyo anamhitaji mtafsiri, kama wa kibanda umiza: mtu mzima anayekaa naye, anayetazama naye na kusema naye. Kazi hiyo imeachwa wazi, na mzazi au mlezi wa VIWAWA anaweza kuishika.

Swali la tatu: Je, kila kilicho dhambi kizuiwe na sheria?

Hapa ubishi huhamia bungeni na mahakamani. Tanzania, Kanuni ya Adhabu, Sura ya 16, kifungu cha 154, inaweka adhabu ya kifungo cha maisha, na kisichopungua miaka thelathini, kwa kosa la kujamiiana kinyume cha maumbile. Kenya ina vifungu vya 162 na 165 vya sheria yake ya adhabu, ambavyo Mahakama Kuu ilikataa kuvifuta tarehe 24 Mei 2019. Uganda ilipitisha sheria kali zaidi mwaka 2023. Bodi ya Kenya iliposema Rafiki ni kinyume cha sheria, ilisimama juu ya vifungu hivyo. Jaji Okwany kwa upande wake alisimama juu ya uhuru wa kujieleza, akisema haamini kwamba Kenya ni jamii dhaifu kiasi cha misingi yake kutikisika kwa kutazama filamu.

Mtakatifu Tomaso wa Akwino anatupa kipimo cha kufikiria jambo hili bila jazba. Katika *Summa Theologiae*, anapojadili sheria za wanadamu, anauliza kama sheria inapaswa kukataza maovu yote. Jibu lake ni hapana. Sheria inatungwa kwa ajili ya watu wengi, ambao wengi wao hawajakamilika katika fadhila. Kwa hiyo inakataza maovu mazito zaidi, hasa yale yanayowadhuru wengine na ambayo bila kuyakataza jamii haiwezi kusimama, kama uuaji na wizi. Tomaso hasemi maovu mengine ni mema. Anasema yana tiba nyingine.

Wakristo wanaomfuata Tomaso hawakubaliani wote juu ya mahali pa kuchora mstari huo. Wapo wanaosema familia ni nguzo ya jamii, kwa hiyo sheria lazima iilinde, hata dhidi ya picha. Wapo wanaosema jela haijawahi kumfundisha mtu usafi wa moyo. Januari 2023 Baba Mtakatifu Fransisko, katika mahojiano na shirika la habari la Associated Press, alisema kwamba kuwa na mwelekeo huo si kosa la jinai, na akataka tutofautishe dhambi na kosa la jinai. Mwaka uliofuata, tarehe 11 Januari 2024, Kardinali Fridolin Ambongo, Rais wa Shirikisho la Mabaraza ya Maaskofu wa Afrika na Madagaska, SECAM, alitoa jibu la maaskofu wa bara letu kwa tamko *Fiducia Supplicans* la Desemba 2023: Makanisa ya Afrika kwa ujumla hayaoni inafaa kutoa baraka kwa wenzi wa jinsia moja, na papo hapo yanataka watu wenye mwelekeo huo watendewe kwa heshima. Ukiyasoma maneno hayo mawili pamoja utaona kwamba mtu anaweza kuwa na msimamo thabiti juu ya ndoa bila kuufanya msimamo huo kuwa rungu.

Ninachosisitiza ni kidogo: "hii ni dhambi" na "hii ipigwe marufuku na dola" ni sentensi mbili. Kutoka ya kwanza kwenda ya pili kuna daraja, na daraja hilo linahitaji hoja zake. Mwenye kusema ya kwanza hajathibitisha bado ya pili; na mwenye kukana ya pili hajakana ya kwanza.

Swali la nne: Tunamzungumzia nani?

Likizo iliyopita tulikuwa jumuiyani hapa Bagara. Tulikuwa tumemaliza sala na kushirikishana Neno, na chai ilikuwa imeletwa. Mazungumzo yakaangukia tamthilia moja iliyokuwa ikisemwa sana mtaani. Mzee mmoja, mtu wa sala ninayemheshimu, akasema, "Hao wangekuwa wanangu, ningewachoma moto mimi mwenyewe." Watu wakacheka, kama tunavyocheka mtu mzima akikoleza maneno. Pembeni, karibu na mlango, kulikuwa na vijana watatu au wanne wa sekondari wakigawa vikombe.

Sijui lolote juu ya vijana wale, na si haki yangu kubahatisha. Nasema tu kile ambacho hesabu ya kawaida inatuambia: katika parokia yenye mamia ya vijana, wapo wanaobeba swali hilo moyoni na hawajamwambia mtu. Tamthilia inapopita, kijana huyo hatazami skrini peke yake. Anawatazama pia wazazi wake wakitazama. Anasikiliza watasema nini juu ya Kena na Ziki, kwa sababu anachokisikia kinasemwa juu yake. Mhusika wa filamu hatadhurika kwa maneno yetu. Ni kivuli juu ya ukuta. Aliyeketi mkekani ana masikio.

*Katekisimu ya Kanisa Katoliki*, katika namba 2357 hadi 2359, inaweka mambo matatu pamoja, na mara nyingi sisi tunachukua moja. La kwanza, matendo ya kimwili ya jinsia moja hayawezi kukubaliwa. La pili, watu wenye mwelekeo huo wapokelewe kwa heshima, huruma na upole, na kila dalili ya ubaguzi usio wa haki iepukwe. La tatu, wao nao wameitwa kwenye usafi wa moyo na ukamilifu wa Kikristo, kama wewe na mimi. Hata waraka wa mwaka 1986 wa Idara ya Mafundisho ya Imani, uliotiwa saini na Kardinali Ratzinger na ambao hakuna anayeweza kuuita legevu, unalaani waziwazi maneno na matendo ya ukatili dhidi ya watu hao.

Hapa ndipo swali la Agostino linaporudi. Alijiuliza ni huruma gani hiyo inayolia jukwaani na kuishia hapo. Sisi tuna tatizo linalofanana nalo: hasira inayotolewa mbele ya skrini na kuishia hapo. Ni rahisi kuwa mtakatifu mbele ya mhusika wa tamthilia, kwa sababu hatudai chochote. Jirani mwenyewe anadai kusikilizwa, muda, sala, siri itunzwe.

Nabii Nathani alipotaka kumgusa Daudi alimsimulia hadithi ya tajiri aliyemnyang'anya maskini mwanakondoo wake wa pekee. Daudi, kama mtazamaji mzuri, akawaka hasira na kutamka hukumu ya kifo kwa mhusika. Ndipo Nathani akamwambia kwamba mtu huyo ni yeye. Hadithi nzuri zina tabia hiyo: unadhani unamhukumu mwingine, kumbe umesimamishwa wewe.

Tufanyeje, basi?

Sina kanuni ya kubandika ukutani, lakini maswali manne tuliyoyatenganisha yanaweza kutusaidia kubishana kwa faida.

Mtu akisema tamthilia fulani ni mbaya, muulize kwanza: ni mbaya kwa namna inavyosimulia, au kwa sababu ya mada tu? Ameitazama, au amesikia? Hoja ya mtu aliyeitazama na kuonyesha wapi imedanganya ina uzito. Hoja ya uvumi haina.

Mtu akisema tuwalinde watoto, mkubalie, kisha muulize tunawalinda na nini kingine, na nani anakaa nao wakitazama.

Mtu akisema serikali izuie, muulize daraja lake kutoka dhambi hadi sheria limejengwa kwa hoja gani, na kama kuzuia kutamfikia kijana mwenye simu.

Na kabla ya mtu yeyote kusema lolote, wewe na mimi tukiwemo, tuhesabu waliomo chumbani. Mwalimu wa Biblia, mama wa WAWATA, mwenyekiti wa jumuiya, frateri aliye likizo: kila mmoja wetu anasikilizwa kuliko anavyofikiri. Kweli ya Kanisa juu ya ndoa inaweza kusemwa yote, bila kupunguza hata neno, kwa namna ambayo kijana aliyeshika vikombe mlangoni atabaki akijua kwamba siku akipata ujasiri wa kubisha hodi, mlango utafunguliwa.